Askari Wawili, Majina Manne

Sehemu ya kumi na nne

"Mwanangu, sema umemsamehe Hamim. Sema tu nisikie, nikalale."

Hapo ndipo pumzi ilipotukatika wiki jana, na najua wapo walionilaani. Haya, tusonge. Mama Faridah, mjane wa sajini na mama wa konstebo, alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya ofisi kuu ya polisi wa eneo lile. Gurbaba yake, lile vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, ilikuwa imeburuta sakafuni. Mikono yake yote miwili ilishika mkono mmoja wa Lailah. Begani kwa Lailah palining'inia mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na kitabu ambacho wakubwa wote wa jengo lile waliamini kimepotea.

Aliyekosa gazeti nitamfupishia.

Sheria yao ni kwamba kituo hakifunguliwi bila askari wawili. Upande wa Kasubi kuna vituo viwili vidogo. Kimoja kimo ndani ya kontena kuukuu, watu wanakiita Kontena. Kingine kiko ubavuni mwa soko, wanakiita Sokoni. Vituo viwili, askari wanne, hesabu ya darasa la kwanza.

Lakini mikataba ya askari wa muda ilianza kwisha, na fedha za kuiongeza hazikupatikana. Ajira mpya zikaahirishwa, zikaahirishwa tena. Akabaki Lailah peke yake Kontena, na Hamim peke yake Sokoni. Mkubwa wao, Inspekta Olweny, akapata dawa ya haraka. Lailah aliandika majina mawili kwenye kitabu cha zamu cha Kontena, lake na la Hamim. Kule Sokoni Hamim naye aliandika mawili, lake na la Lailah. Kwenye karatasi vituo vikajaa.

Miezi mitano walikuwa zamu moja kitabuni na hawaonani kwa macho. Wakaanza kupigiana simu, kila mmoja kumuuliza mwenzake wa kitabuni kama amekula. Kutoka hapo, msomaji, unajua mambo yanavyokwenda.

Siku thelathini na tisa zilizopita, watu wenye hasira walizingira Kontena wakimtaka kijana aliyeshukiwa kuiba bodaboda. Lailah alimfungia ndani, naye akasimama mlangoni akiwa peke yake. Alimpigia Olweny, akajibiwa, "Sina mtu." Akampigia Hamim. Hamim alifunga Sokoni, akapanda bodaboda, na lori likamgonga kabla hajafika nusu ya njia.

Kitabu cha Kontena kilisema Hamim alikuwa Kontena tangu saa nane mchana, na maiti yake ikaokotwa barabarani. Olweny hakukitoa kitabu cha Sokoni, alisema kimepotea na kituo kile siku hiyo hakikufunguliwa. Basi marehemu akaandikwa mtoro. Alizikwa bila bendera, bila saluti, bila sare ya polisi hata moja kaburini.

Na mama yake aliamini hivyo hivyo.

"Mama, inuka," Lailah alisema. "Tafadhali, mama yangu, inuka."

"Siinuki. Watu yote nimewamaliza." Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni pake zamani, sauti tu ndiyo iliyokuwa ikilia. "Fundi viatu amesamehe. Jirani tuligombana juu ya maji, amesamehe. Hata yule Mkenya wa chapati, Cleopas, amelia, amesamehe. Umebaki wewe peke yako, na wewe ndiye Hamim alikukosea kuliko wote."

"Hakuni..."

"Alikuacha na watu na mawe, wewe mtoto wa kike! Baba yake, Wahabi, alikufa na nguo ya polisi mwilini. Babu yake hivyo hivyo. Huyu nilimlea wapi nikakosea? Kesho ni karama yake, dua ya siku arobaini. Nitainuaje mikono kuomba dua, na wewe uko na kinyongo na mtoto yangu?"

Desturi hiyo unaijua. Maiti haachwi aende na makosa ya watu shingoni, jamaa zake huzunguka wakimwombea radhi. Mama Faridah alikuwa amezunguka mji kwa miguu, kutoka Kibuli mpaka Kasubi, akibisha hodi mlango kwa mlango kwa ajili ya kosa ambalo mwanawe hakulifanya.

Lailah alifungua mdomo. Kusema "nimemsamehe" lilikuwa neno jepesi, lakini lingemzika Hamim mara ya pili, na safari hii moyoni mwa mama yake. Kusema ukweli kulikuwa kusema, "Mimi ndiye niliyempigia simu akafa." Siku thelathini na tisa alikuwa amelimeza neno hilo pamoja na ugali wake.

"Konstebo Lailah!" sauti iliita kutoka ndani, mara ya tatu.

Akauchomoa mkono wake, akaingia. Mlango ulipokuwa ukijifunga alimsikia mama akijisemea, polepole kabisa, "Hajasamehe."

Chumbani walikuwa wawili. Nyuma ya meza alikaa Mrakibu Abalo, mama wa makamo mwenye miwani, aliyetumwa kuifunga kesi ya Hamim. Pembeni alikaa Inspekta Olweny, leso mkononi, akijifuta jasho na feni inazunguka.

"Kaa, binti," Abalo alisema. "Hatutachukua muda. Kwanza nikupe habari njema." Akaigeuza karatasi. "Tuliomba askari wapya mia moja na ishirini. Tumepewa kumi na mmoja. Kumi na mmoja, banange! Lakini wewe umo. Jina la nne. Jumatatu unaanza mafunzo. Si askari wa mkataba tena, ni askari kamili."

Lailah aliliona jina lake. Kwa miaka mitatu alikuwa akilingoja. Mara mbili alikimbia uwanjani, akapimwa kimo, akakaguliwa meno, na mara mbili zoezi lilifutwa kwa kukosa fedha. Mwezi ujao umri wake ungepita ule unaokubaliwa. Ukiniuliza, nitakuambia hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko mstari ule wa nne, isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa kimezikwa.

"Weka saini kwenye maelezo haya, faili tuifunge," Abalo alisema.

Maelezo yalikuwa yamekwisha kuchapwa. *Konstebo Hamim aliondoka kituo cha Kontena bila ruhusa, akamwacha mwenzake hatarini. Alikufa akiwa mtoro.*

"Afande, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Mama yake itakuwaje?"

"Mtoro hana kitu, binti. Nyumba ya kambini wanarudisha Ijumaa. Jina linafutwa kwenye orodha ya jeshi."

"Saini, Lailah," Olweny alisema. Hakumtazama usoni. "Hii mambo imekwisha. Marehemu hasikii."

Olweny si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya, ningemchinja tangu sehemu ya pili na kazi ingekuwa rahisi. Siku ile ya mawe alifika Kontena mwenyewe, kwa miguu, anahema, amechelewa. Alilia mbele ya maiti ya Hamim. Kisha akaenda ofisini, akaandika uongo.

Lailah alishika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, kisha ya pili. Ndipo mkono ukagoma. Masikioni mwake ilirudi ile sauti ya simu, Hamim anakimbia na anacheka kidogo ili asimtie hofu: "Nakuja. Usifungue mlango, mimi nakuja." Kuna mtu gani mwenye moyo angemaliza kuandika?

Akailaza kalamu. Akafungua mkoba, akatoa kitabu, akakiweka juu ya maelezo yale. Jalada lake lilikuwa limepauka kwa unga wa ngano.

Olweny alisimama mzima mzima. "Hii... hii umetoa wapi?"

"Kitabu cha zamu cha Sokoni, afande," Lailah alimjibu Abalo, si Olweny. "Nimepewa na Cleopas, muuza chapati. Kibanda chake na kituo vimeshikana ukuta. Kitabu cha polisi hakiachwi kwenye kituo kisicho na mtu, kwa hiyo siku ile Hamim alimkabidhi, akamwambia, 'Shika, narudi sasa hivi.' Cleopas ni mgeni nchini, aliogopa. Akakificha ndani ya gunia la unga mpaka juzi."

Abalo alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma mahakamani, bila kupanda wala kushuka.

"Saa kumi na dakika arobaini. Konstebo Lailah wa Kontena amepiga simu. Yuko peke yake, watu wanavunja mlango. Naenda kumsaidia. Sokoni kumebaki bila askari. Hamim."

Akavua miwani.

"Basi hakutoroka."

"Hakutoroka, afande," Lailah alisema, na hapo machozi yakamshinda. "Alikuwa anakuja kwangu."

"Afande, hii kitabu..." Olweny alianza.

"Kaa chini, Olweny."

Lakini Abalo ni askari wa miaka ishirini na sita, hasomi mstari wa mwisho akaacha wa juu. Akavaa miwani tena, akapandisha kidole mpaka mwanzo wa ukurasa. Akakivuta na kitabu cha Kontena, akavilaza sambamba. Lailah alijua kidole kile kinakwenda wapi, na hakuna la kukizuia.

"Sokoni, zamu ya saa nane: Hamim na Lailah. Kontena, zamu ya saa nane, siku ile ile: Lailah na Hamim." Akainua uso. "Watu wawili, majina manne. Hili jina la Hamim hapa Kontena, nani aliandika?"

Olweny alimtikisia Lailah kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mimi, afande."

"Siku hiyo tu?"

"Miezi mitano."

"Nani alikuamuru?"

Lailah aliangalia vidole vyake. Kabla hajajibu, kiti kililalama pembeni.

"Mimi," Olweny alisema. Leso ilimdondoka na hakuiokota. "Afande, niko na vituo vitano. Sheria inataka watu kumi, mimi niko na watano. Nikifunga kituo, kesho wananchi wanachoma mwizi na tairi. Nikiandika ukweli, wewe unakuja unafunga kituo. Sasa mimi nifanye nini? Niliandika kumi. Kila Ijumaa nilikutumia karatasi, askari kumi, kumi, kumi. Mikataba imekwisha, hakuna aliyeajiriwa, na mimi karatasini bado niko na kumi. Hukujiuliza hawa watu wanatoka wapi?"

Abalo aligeukia dirisha.

"Sikujiuliza," alisema mwisho. "Ilinifaa nisijiulize."

Kisha akafungua droo, akatoa kalamu nyekundu. Nilitamani aikose, msomaji. Hakuikosa.

"Hamim nitamsafisha leo hii. Barua itaandikwa, nyumba haitachukuliwa. Olweny, wewe na mimi tutajibu kwa wakubwa wetu. Lakini wewe, binti..." Akaivuta ile karatasi ya majina. "Kwenye fomu ya ajira kuna swali: umewahi kuandika taarifa ya uongo kazini? Wewe ulijibu hapana."

"Ndiyo, afande."

"Nikikupitisha, nitakuwa nimeandika uongo kama Olweny alivyoandika askari kumi."

"Najua, afande."

Kalamu ilipita juu ya mstari wa nne, mara moja, kwa rula.

"Mkataba wako nao unaishia hapa. Nguo za serikali uzirudishe stoo sasa hivi, kabla hujatoka getini. Nani alikulazimisha lakini? Ungenyamaza, ungekuwa askari."

"Nimenyamaza siku thelathini na tisa," Lailah alisema. Akapiga saluti yake ya mwisho, akatoka.

Mama Faridah alikuwa bado koridoni, ameketi kwenye benchi. Sasa aliyepiga magoti alikuwa Lailah.

Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu alijua akipumzika hatamaliza. Kwamba Hamim hakumwacha. Kwamba Hamim hakuwa Kontena siku ile, jina lake tu ndilo lililokuwepo, na mkono ulioliandika ni huu hapa. Kwamba alimwita kwa simu, naye akaja, na kuja ndiko kulikomuua.

"Hakunikosea kitu, mama. Mimi ndiye niliyemwita."

Mama Faridah alimwinua kidevu. Akamtazama. Kisha akauliza swali ambalo Lailah hakulitarajia.

"Yeye alikuwa na nambari yako ya nini?"

"Tulikuwa... tulikuwa tunapigiana, mama."

"Ni wewe?" Sauti ilipanda. "Ni wewe alikuwa anacheka na wewe? Kila siku ananikalia pale mlangoni anacheka na simu, namuuliza Hamim ni nani, ananiambia ni mwenzangu wa kazi, mama, mwenzangu wa kazi! Nilikuwa namwambia mlete nimuone. Ananiambia nitamleta baada ya Idi!"

Kofi lilitua kabla Lailah hajaliona. Lilikuwa kofi la kweli, korido nzima ililisikia. Na mkono ule ule uliopiga haukuondoka. Ulibaki pale shavuni, ukalishika shavu. Wanawake wawili walilia pamoja, vipaji vya uso vimegusana, na karani mmoja aliyekuwa akipita na faili akageuza njia.

"Nilizunguka mji yote nikimtukana," mama alinong'ona. "Kila mlango nilisema mtoto yangu ni mtoro, mumsamehe. Nani atarudi kwa ile milango? Nitairudia yote na hii miguu?"

Lailah aliipangusa vumbi ile miguu kwa kiganja.

Mama Faridah alijifuta uso kwa upindo wa gurbaba. Alipozungumza tena, alikuwa mke wa sajini.

"Sikia. Siku tulimzika hakuja askari hata mmoja. Wajomba zake walikaa wakiangalia barabara mpaka mchanga ukakauka. Kesho utakuja Kibuli, kwa kaka yangu. Utasimama kwa karama, mbele ya watu yote, utasema yale umeniambia. Radhi nitakupa au sitakupa, bado sijui, moyo unauma. Lakini utakuja na hii nguo ya polisi."

"Mama, wameninyang'anya. Natakiwa niirudishe stoo sasa hivi."

"Mimi naiona iko mwilini mwako."

"Nikitoka nayo ni kosa. Watanifunga."

"Mtoto yangu alitoka kituoni kwa ajili yako," Mama Faridah alisema. "Hakuuliza kama watamfunga."

Mwisho wa korido mtunza stoo alikuwa amekwisha toka, daftari kwapani. "Lailah! Nguo za serikali! Leta kofia, leta mkanda, leta buti!"

Lailah alitazama mlango wa stoo, akatazama geti. Akaiweka kofia sawasawa kichwani, akamshika mama mkono, wakatelemka ngazi.

"Wewe! Unakwenda wapi? Hiyo ni mali ya serikali!"

Getini alisimama Akumu, askari wa mkataba kama yeye, mkataba unakwisha mwisho wa mwezi. Bunduki begani, kitabu cha geti mezani, kizuizi cha chuma kimeshushwa. Kwenye kitabu waliandikwa wawili, Akumu na Dawudi. Dawudi hakuwepo, na sidhani kama nina haja ya kukueleza.

"Dada Lailah, nasikia wanakuita," Akumu alisema, macho yamemtoka.

"Nimesikia."

"Nikikuachia upite, mimi niandike nini?"

"Andika nimetoka. Andika saa. Andika na nguo niliyovaa." Lailah aliitazama ile mistari miwili ya wino. "Na kama Dawudi hayupo, Akumu, nakuomba, likate jina lake. Likate leo, kabla hujahitaji mtu wa kukusaidia."

Akumu aliinama juu ya kitabu. Alishika kalamu, hakuandika, hakuiweka chini. Ndipo redio aliyoivaa kifuani ikakoroma.

"Ofisi, ofisi! Kuna askari anatoka na sare, amefukuzwa kazi! Tumeni mtu amkamate!" Ilikuwa sauti ya mtunza stoo.

"Hakuna mtu," sauti nyingine ikajibu.

"Hata mmoja?"

"Ndugu, waliopo wote wako kwenye vituo. Hakuna mtu."

Kisha ikaingia sauti ya tatu, ya mwanamke, nzito, ambayo Lailah alikuwa ameachana nayo robo saa tu iliyopita. Kumbe mlango ule wa ofisi ni mwembamba, na maneno yote ya koridoni yalikuwa yamemfikia.

"Abalo hapa. Geti, muache atoke. Kesho Kibuli nitakwenda mimi mwenyewe."

Akumu alibonyeza redio.

"Afande, niandike unakwenda kumkamata, ama unakwenda msibani?"

Walingoja wote watatu, mama ameshika kizuizi cha chuma kwa mikono miwili. Redio haikujibu.